Mpira Chini ya Antena

Shshshshsh. Mvumo mkavu, mrefu, kama mchele unaomwagwa juu ya bati bila kwisha, na katikati yake sauti ya shangazi yangu: "Lubarika, Lubarika, munanisikia? Lubarika!" Nilikuwa bado kitandani, kwetu Songo, mtaa wa Uvira, dirisha limefungwa. Sikuwa nimeona kitu, lakini nilijua kwamba gari la ushirika limeingia uani na kwamba anayeliendesha amekasirika. Kutoka Uvira hadi Lubarika ni mbali mno kwa radio ile, hata ingekuwa nzima. Shangazi hakuwa anamwita mtu. Alikuwa anaigombeza.

Nilimkuta kwenye usukani, mlango wazi, mguu mmoja nje, kipaza sauti mkononi.

"Amuka, mutoto wa kaka. Leta chai, leta na tornevisi ya kufungulia skrubu. Leo tunatafuta ugonjwa wa hii kitu, maana kesho komite inaninyanganya ufunguo."

Shangazi ndiye aliyekuwa shofere wa ushirika wa wakulima wa Lubarika. Gari lenyewe lilikuwa jipu refu la zamani, lenye mabenchi mawili nyuma. Lilishusha mpunga na mihogo sokoni Uvira, na mtu akiugua sana lilimpandisha hospitali ya Lemera, kule milimani. Kwenye ile njia ya kupanda, simu hushika mtandao kwenye kona moja na kuupoteza kwenye kona inayofuata. Kwa hiyo ushirika ulinunua radio mbili, zile ambazo wenye malori huziita sibi. Moja iliwekwa ghalani Lubarika, na antena yake juu ya mlingoti. Nyingine ilifungwa ndani ya gari, na antena ndefu ya chuma ikasimamishwa juu ya bodi, kando ya kioo cha mbele. Kila gari lilipopanda mlima, mtu wa zamu alikaa ghalani akisikiliza.

Siku chache kabla ya asubuhi ile shangazi alikuwa amempandisha mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa, pamoja na mama mkwe wake. Mvua ikawakuta njiani. Udongo ukaporomoka mbele ya gari, na alipojaribu kurudi nyuma akakuta nako njia imemezwa. Akaita Lubarika. Aliita tangu mchana hadi jua likaribie kuzama. Kama wangemsikia, wanaume wangepanda na majembe na tipoyi, ile machela ya miti ambayo kwetu imebeba wagonjwa tangu kabla ya magari, na mama yule angefika hospitali akiwa bado hajajifungua. Hakuna aliyejibu. Mtoto akazaliwa juu ya benchi, mvua inapiga turubai, mama mkwe amempokea kwa kikwembe chake mwenyewe, kitenge alichojifunga. Wakulima waliokuwa wakishuka kutoka mashambani ndio waliowakuta kwa bahati, wakambeba mzazi hadi Lemera. Alipona, na mtoto akapona, lakini alikuwa amepoteza damu nyingi, na hadi siku ninayoieleza alikuwa hajaweza kusimama bila kushikwa.

Mtu wa zamu aliapa kwamba radio ilikuwa imewashwa siku nzima na hakusikia hata kikohozi. Basi prezida wa ushirika akatangaza mbele ya watu kwamba jambo ni moja kati ya mawili: ama shangazi hakuita, ama ameiharibu radio na anaficha. "Mwanamuke na mashini," alisema, akainua mabega, na watu wakacheka. Angepewa nafasi ya kujieleza kwenye mkutano. Akishindwa, ufunguo ungekwenda kwa mdogo wake prezida, ambaye alikuwa ameutamani muda mrefu.

Najua wapo watakaosema ufunguo ni ufunguo tu. Hawakumwona shangazi yangu akiingia Sange au Luvungi mkono mmoja nje ya dirisha, wasichana wakiacha ndoo kisimani kumtazama. Alikuwa mjane. Wanaume wawili walikuja kumposa, na kila mmoja aliweka sharti lilelile, kwamba aache usukani, na kila mmoja aliondoka na jibu lake. Asubuhi ile, akipuliza chai, aliniambia: "Nikiachia hii motokari nitabaki na nini? Kusimama kando ya barabara niulize batu wataondoka saa ngapi?"

Tukaanza. Fyuzi ilikuwa nzima. Alipobonyeza kipaza sauti, taa ndogo nyekundu iliwaka, kwa hiyo radio ilikuwa inajaribu kusema. Jana yake alikuwa amekwenda kwa mtengenezaji mmoja karibu na bandari ya Kalundu, na ushauri wa mtu yule bado ulimkaa kooni.

"Eti nikate antena. Ameshika koleo tayari! 'Tukate kidogo, mama, ni ndefu sana.' Nikamuuliza, umepima? Anasema, 'Hapana, lakini naiona.' Anaiona! Nikamwambia, weye ukiumwa kichwa nikuone tu, halafu nikate?"

Hakumwachia akate. Aliazima kwake kipimo, kisanduku chenye sindano nyuma ya kioo, kinachofungwa kati ya radio na antena. Ukibonyeza kipaza sauti, sindano inakuonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinachotoka hewani na kiasi gani kinachogonga mahali na kurudi. Tukakifunga. Akabonyeza. Sindano ilikimbia hadi mwisho wa sehemu nyekundu na kulala huko.

"Inarudi yote," alisema.

Nilimtazama usoni. Nadhani alikuwa anafikiria jambo lilelile nililokuwa nalifikiria mimi: kwamba yote aliyoyapigia kelele siku ile mlimani, akiwa na mwanamke anayetokwa damu nyuma ya kiti chake, hayakuwa yametoka ndani ya gari. Yalikuwa yamemrudia mapajani.

Tukafungua kebo nyuma ya radio, ili radio yenyewe isituchanganye, kwa kuwa nayo imeshikana na bodi. Shangazi alitengeneza kipimo kingine kwa balbu ya tochi, betri na nyaya mbili. Umeme ukipita, balbu inawaka. Waya wa katikati ya kebo hadi kwenye fimbo ya antena: ikawaka. Ganda la kebo hadi kwenye kikalio, kile kipande cha chuma kinachoishika antena: ikawaka. Halafu akaweka waya mmoja kwenye kikalio na mwingine kwenye skrubu ya mlango, yenye chuma kitupu. Giza. Akasugua, akabadilisha skrubu, akajaribu bawaba. Giza.

"Haiko na masi," alisema taratibu. Wenye magari huita masi kule kushikana kwa umeme na bodi. Antena ya namna ile haifanyi kazi peke yake. Bodi zima la gari ni nusu yake. Kikalio kisipogusana na bodi, fimbo inabaki kama mtu anayetaka kuruka akiwa hana mahali pa kukanyaga.

Alikwangua rangi kwa kucha. Chini ya rangi nyeupe, mpya, ilitokea ile ya kijani tuliyoizoea. Akalegeza nati, akainua kikalio, na chini yake tukaona kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, cheusi, kimekatwa vizuri kwa mkasi kulingana na umbo la chuma. Hata boliti ilikuwa imevalishwa mpira. Na pembeni, umebanwa na rangi ilipokuwa bado mbichi, utepe wa waridi wenye nyuzi za dhahabu.

Hatukuhitaji kuulizana utepe ule ulitoka wapi. Muda mfupi kabla ya ile siku ya mvua, prezida alikuwa amemwoza binti yake hapa Uvira, na gari la ushirika ndilo lililoongoza msafara. Lilipita kando ya ziwa, kutoka Kavimvira hadi Kalundu, likipiga honi, limepakwa rangi nyeupe huko juu na limefungwa tepe za waridi kila mahali, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga vigelegele. Shangazi hakuliendesha siku hiyo. Aliambiwa kwamba bibi harusi hawezi kuendeshwa na mwanamke, ingeonekana vibaya kwenye picha. Aliyeendesha alikuwa mdogo wake prezida. Gari liliporudishwa, shangazi aliambiwa ashukuru: wamempambia gari.

Fundi wa rangi aliyelipamba alikuwa na karakana mtaa wa chini. Tulikwenda kwa miguu, shangazi na kile kipande cha mpira kiganjani. Mtu yule alikipokea kwa furaha, kama aliyerudishiwa kitu chake.

"Ah, ile fimbo! Prezida mwenyewe alisema niitoshe, niiondoe kabisa. Mama, arusi inaongozwa na motokari yenye antena namna ile? Batu wangesema maaskari bamefika, wangekimbia na sahani mukononi! Nikaitosha. Arusi ilipoisha nikairudisha, safi kabisa. Nikaweka na kauchu hii chini, ili chuma isikwaruze pentire yangu nyeupe. Hakuna aliyenilipa hiyo kauchu, na hakuna aliyesema merci."

"Merci," shangazi alimjibu.

Sikuweza kumchukia. Kwetu mpira wa gurudumu unafunga mizigo, unaziba mabomba, unashika vipini vya majembe. Anayeuweka mahali anaamini ameongeza kitu. Na ni kweli kuhusu antena. Wenyeji wa ukingo huu wa ziwa wameona magari ya fimbo ndefu yakileta mambo, na bibi harusi yeyote angependa yakae mbali. Lakini yule aliyesema "itoshe" alijua alichokiagiza. Alijua gari lilitoka kwake likiwa limeguswa. Akaketi mbele ya watu, akainua mabega, akasema mwanamke na mashini.

Nilirudi uani nyuma yake. Nilitaka twende Lubarika saa ileile, nigonge mlango wa prezida. Shangazi alikuwa tayari amepiga magoti juu ya boneti na msasa mkononi.

"Kasirika, lakini ushike hii nati isianguke."

Alisugua chini ya kikalio hadi chuma kikang'aa kama sarafu. Akasugua boliti, akasugua kikalio chenyewe, akakaza, halafu akapaka grisi pembeni ili maji yasiingie. Balbu ikawaka. Tukarudisha kebo na kipimo, akabonyeza kipaza sauti. Sindano ilitikisika, ikainuka kidogo, ikashuka mwanzoni na kutulia. Aliachia, akabonyeza tena, akaachia, akabonyeza. Kisha akafuta mikono kwa kikwembe chake na kukaa chini, palepale kwenye udongo, na ndipo nilipoona kwamba tangu ile mvua alikuwa hajui kwa hakika kama kosa si lake.

Kesho yake asubuhi tulipanda kwenda Lubarika. Bonde la Ruzizi lilikuwa limeoshwa, mpunga ukimeta pande zote mbili, wanawake wakirudi kanisani viatu mkononi. Tulipoipita Sange alichukua kipaza sauti.

"Lubarika, Lubarika, munanisikia?"

Mvumo. Kisha sauti ya mtu wa zamu, karibu sana hata nikageuka kutazama kiti cha nyuma:

"Mama shofere! Nakusikia kama uko mu nyumba! Uko wapi?"

"Niko Sange."

"Weye, unanidanganya. Sange njo utasikika hivi?"

"Ndiyo, njo Sange. Na siku ya mvua nilikuwa karibu kuliko hapa. Ukawaambie."

Akashusha sauti: "Mama, miye nilisema kile nilichosikia. Sikusikia kitu."

"Najua," alijibu. "Hatuko na neno, weye na miye."

Mkutano ulikuwa ghalani, kati ya magunia ya mpunga. Prezida na katibu wake mezani, wanaume mbele, wanawake nyuma. Mdogo wake prezida alikaa benchi la kwanza, shati jipya. Shangazi hakungoja kuitwa. Aliweka kipande cha mpira juu ya meza, utepe wa waridi juu yake, na akaeleza: kipimo, balbu, chuma, rangi, na alichosema yule fundi wa rangi. Alieleza vizuri, bila kupaza sauti, na niliona vichwa vikitikiswa, hata mbele. Alipomaliza, mtu wa zamu alisimama bila kuulizwa akasema amemsikia asubuhi hii kutoka Sange, wazi kabisa.

Prezida aliutazama utepe.

"Radio inafanya kazi?" aliuliza.

"Inafanya."

"Basi Mungu asifiwe. Tuendelee na mambo mengine."

"Bwana Prezida, mulisema nimeiharibu."

"Tulisema iko mbaya. Ilikuwa mbaya, sivyo? Sasa imepona." Akawageukia watu. "Arusi ile ilikuwa yetu sisi wote. Huyu mama alikula wali, alikula nyama, sikuona anatapika. Leo analeta utepe wa mutoto wangu mbele ya batu, kama nguo ya mwizi."

Wakacheka. Si wote, lakini walitosha.

Ndipo aliposimama bibi mmoja kutoka nyuma, mama mkwe wa yule mzazi. Alitembea hadi mezani polepole.

"Miye nilimupokea ule mutoto na hii mikono," alisema. "Huyu aliita mpaka sauti ikamukauka. Akaita tena bila sauti. Mulisema hakuita. Nilikuwa pale, hakuna aliyekuja kuniuliza. Sasa munajua. Museme, basi, tusikie."

Hakuna aliyecheka tena. Nilifikiri imekwisha, nilifikiri hakuna mtu duniani anayeweza kusikia maneno yale na kubaki ameketi vilevile. Prezida alibaki ameketi vilevile. Katibu alimnong'oneza, wakanong'onezana, na katibu akasimama na sauti laini ya mtu anayegawa sukari.

Komite, alisema, imefurahi. Komite haioni sababu ya kumtoa mama kwenye usukani. Aendelee. Jambo moja tu: mama ameleta aibu ya familia mbele ya watu, jambo la arusi, jambo la mtoto wa mtu. Aombe prezida msamaha, papa hapa, kwa neno moja, na ufunguo ubaki kwake.

Nilisimama, nikaanza kusema, na mama aliyekaa karibu nami akanivuta kwa nguo hadi nikakaa. Wanawake walewale waliomshangilia kila alipopita, sasa walikuwa wanamnong'oneza kutoka nyuma: "Sema tu, mama. Neno moja. Pardon, iishe." "Ataendesha nani wakati wetu ukifika? Sema." Waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa, maana ni wao watakaolala juu ya lile benchi. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: kwamba aliyekosa alikaa akingoja kuombwa, na waliokosewa ndio waliokuwa wakimwombea njia.

Shangazi alitazama ufunguo mkononi mwake. Najua alikuwa anapima kweli. Neno lile lilikuwa dogo, na alilipenda gari.

Alimgeukia yule bibi kwanza. "Mama, unisamehe. Nilipanda mulima bila kupima radio."

Kisha akamgeukia prezida. "Kwa weye, hapana."

Akaweka ufunguo mezani. Prezida hakuugusa, alimwashiria mdogo wake kwa kidevu, na yule akaja kuuchukua. Hakuweza kumtazama shangazi. Alipougeuza mkononi, shangazi alimsemesha kama anavyosemeshwa shofere na shofere.

"Ukitoka Lemera, kila mara, kaza boliti za gurudumu la kushoto mbele. Ile njia inazilegeza. Na ukiwa na mama mwenye mimba usipite kwenye mawe, zunguka kwa mutoni, hata ukichelewa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Wakupe na batu wa kusukuma. Peke yako hutaweza."

Alijifunga kikwembe vizuri, akapita kati ya magunia. Mtu wa zamu alisimama alipopita. Wanawake walisogeza magoti kumpa njia, na mmoja alimgusa mkono. Nilijaribu kumfuata lakini benchi lilikuwa limejaa, na kabla sijajinasua prezida alikuwa amekwisha kusema, "Jambo la pili, mbegu za mahindi," na katibu akanyanyuka, akaenda mlangoni alikopita shangazi, akaufunga nyuma yake.